Vina, Mizani na Uzito wa Kibwagizo

Uchambuzi mwingi wa mashairi huishia kwenye hesabu: mizani (silabi) 16 kila mshororo, kina (silabi ya mwisho inayofanana) cha kati -ni, cha mwisho -ko, basi. Hesabu hiyo ni ya lazima, ila haijatwambia shairi linamgusaje msikilizaji. Nimetunga mfano huu wa mapenzi:

Nimekaa mlangoni, nangoja sauti yako,
Taa haimo chumbani, giza lafunika huko,
Urudi japo ndotoni, mlango u wazi kwako.

Tuseme mshororo wa tatu ndio kibwagizo, yaani unarudiwa mwishoni mwa kila ubeti, na ubeti wa mwisho unafunguka hivi: “Umelala kaburini, udongo ni shuka yako.” Kibwagizo hakikubadilika hata silabi moja, lakini maana yake imegeuka. Mwanzoni “japo ndotoni” ilisikika kama deko la mpenzi aliyechoka kungoja. Sasa ndoto ndiyo njia pekee iliyobaki. Takriri, yaani kurudia maneno, imefanya kazi ambayo maelezo ya beti tatu yasingeifanya.

Wanausasa, watetezi wa mashairi huru yasiyofuata vina na mizani, wanaweza kuuliza: kama nguvu iko kwenye takriri, vina na mizani ni vya nini? Mshairi Euphrase Kezilahabi aliviacha katika diwani yake Kichomi (1974), na mashairi huru bado hurudia maneno kwa nguvu kubwa. Tena kina cha Kiswahili hupatikana kwa urahisi mno. Maneno yetu huishia kwa irabu, na -ni ya mahali hukubali kubandikwa kwenye nomino nyingi. Tazama “huko” katika mshororo wa pili: giza liko chumbani humo humo, kwa hiyo neno hilo limeitwa na kina tu. Hapo wanausasa wamenishika, na sina utetezi.

Lakini kwenye mizani nasimama na wanamapokeo, watetezi wa vina na mizani. Pumziko baada ya silabi ya nane ndilo linaloliacha neno “ndotoni” likining’inia peke yake kabla mlango haujatajwa. Andika “Mlango u wazi kwako, hata ukija katika ndoto”: wazo ni lile lile, mshtuko umepotea. Na shairi letu la kimapokeo liliundwa liimbwe. Kwa urari wa nane kwa nane, hadhira hukidaka kibwagizo na kukiitikia bila kufundishwa. Wanapofika kwenye ubeti wa kaburi, maneno ya msiba tayari wanayo vinywani, waliyazoea walipokuwa wakiimba mapenzi. Shairi huru la kusomwa kimya kimya hupata shida kumwingiza msikilizaji kwenye mtego wa namna hiyo.