Sindano ya B12 isifunge jalada la tumbo

Dada yangu alinipa karatasi ya maabara huku mkono ukimtetemeka. Mstari mmoja ulikuwa umezungushiwa kalamu nyekundu: kromogranini A, juu. Alikuwa ameshasoma kwamba hicho ni kipimo cha uvimbe, na usiku ule hakulala. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kama anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo. Anaimeza kila asubuhi, na dawa hiyo peke yake hupandisha namba hiyo, na gastrini pia, homoni inayoliamuru tumbo kutengeneza asidi.

Kinachoniuma si karatasi ile. Ni miaka miwili ya sindano za B12 bila mtu kuuliza vitamini hiyo inapotelea wapi.

Jibu linaweza kuwa gastritisi ya kingamwili: katika ugonjwa huu kinga ya mwili hushambulia seli za tumbo zinazotengeneza asidi, zilezile zinazotoa protini inayosaidia B12 kufyonzwa. Asidi ikikauka, sehemu ya chini ya tumbo humwaga gastrini kutwa kucha, kana kwamba inaita mtu asiyesikia. Kiwango cha kawaida kwa aliyefunga ni chini ya pikogramu 100 kwa mililita. Hapa kinaweza kupita 1000. Gastrini hiyo huchochea seli nyingine kuzaana, na baada ya miaka baadhi yake huwa vinundu. Vingi ni vidogo, havifiki sentimita 1, na ni nadra kusambaa. Sindano huponya upungufu wa damu, lakini asidi hairudi, na gastrini inaendelea kumwagika.

Kwa hiyo naipenda gastrini kama kengele, pamoja na pepsinojeni I (protini ya utando wa tumbo inayopimwa damuni) iliyoshuka, na kingamwili za damuni zinazoshambulia seli hizo za tumbo. Zinaonyesha tumbo limechakaa. Lakini kinundu hazikioni, wala saratani ya kawaida ya tumbo, ambayo nayo huweza kuota kwenye utando huo uliochakaa. Kromogranini A ndiyo nisingempa mgonjwa bila maelezo. Anayeona ni kamera inayoshushwa tumboni kupitia mdomoni, na vipande vya nyama vinavyopelekwa maabara. Mwongozo wa Ulaya wa 2019 ulipendekeza kamera irudiwe kila miaka 3 hadi 5 kwa wagonjwa hawa.

Tulirudi kwa daktari na swali moja la ziada: ikiwa tumbo halina asidi, omeprazoli inapunguza nini? Alinyamaza kidogo, akaisimamisha, kisha akaandika tarehe ya kamera.