Haikuwa dawa, ulikuwa mlenda

Kabla hamjaendelea kunitumia picha za waganga, naomba nafasi. Shemeji yangu kawatangazia kwamba nimemmwagia mzee wa watu dawa pale Nyerere Square. Haikuwa dawa. Ulikuwa mlenda mkavu, wa kusaga, nimeununua soko la Majengo kwa hela yangu.

Chanzo ni yule jamaa wa kundi letu la mtaa. Anajiita Simba wa Pwani, picha yake ua la alizeti, namba haina mwenyewe. Kaandika mlenda ni makamasi ya mbuzi na Dodoma ni mji mkuu wa vumbi. Mimi nikatoa povu. Nikamshushia uamuzi wa 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma, hadhi ya jiji 2018, treni ya umeme 2024. Bando linakata, yeye ananijibu: "Umekula lakini?" Nikishika hoja ya vumbi, kahamia kwenye zabibu. Shemeji huyu huyu akanionyesha ujumbe wa nyuma: mtu wa Singida naye kaambiwa maneno yale yale, mlenda tu ndio umebadilishwa kuwa kuku. Admini akanifuata pembeni: "Kaka, mwache, ukimjibu ndiyo unamnogesha."

Nikajibu kundini, herufi kubwa tupu: KAMA MWANAUME NJOO NYERERERE SQUARE SAA KUMI, NAKULETEA MLENDA UONJE. (Ndiyo, "Nyererere" mnayonitania imeanzia hapo. Hasira haina breki.)

"Nakuja," akasema.

Saa kumi niko pale na mfuko wangu wa karatasi. Upepo wa Agosti mnaujua. Kwenye benchi kuna mzee, macho kwenye simu, anacheka peke yake. Nikigeuka, anacheka. Nikitembea, anacheka. Nikajua ndiye. Nikamwendea, nikasimama mbele yake, nikakunja sura yote niliyonayo. Halafu, malezi haya jamani, mdomo ukatoa:

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Ni wewe?"

"Mimi nani?"

"Simba wa Pwani!"

Akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa tena, akanitazama kuanzia viatuni.

"Mwanangu, mimi ni Yanga."

Sijui nani alinituma nifungue mfuko muda ule. Upepo ukapita. Nikauona unga wa kijani ukinyanyuka, haraka hauna, ukatua kwenye miwani, kwenye ndevu, kwenye suruali nyeusi iliyopigwa pasi. Mzee hakugomba. Alichukua chupa yake ya maji, akanawa uso.

Wagogo wenzangu, mlenda na maji mnaujua.

Zile ndevu zikaanza kuvutika. Kila akipangusa, mkono unaondoka na uzi. Mama wa karanga akapiga kelele, "Kamwagiwa dawa!"

Basi, nikapiga magoti, nikaomba radhi, nikatoa hela ya dobi, yakaisha. Kumbe shemeji alikuwa nyuma ya mti, anarekodi. Simba wa Pwani naye akaandika: "Leo siji, niko Tanga."

Admini kamtoa kundini. Na mimi kanitoa. Aliyebaki mle ni shemeji, anasimulia.