Kioo cha Ukungu

Jumapili shemeji katoka kuoga, taulo begani, ananiambia mbele ya watoto: "Shemeji, hapa mmefanya jambo la maana. Kioo cha ukungu! Mtu anaoga na faragha yake."

Nikatabasamu kama balozi. Kioo kile siku kinafungwa kilikuwa cheupe pe, fundi mwenyewe alikigonga kwa paji la uso. Ukungu ni wa maji ya kisima. Nilitaka kumwambia kwamba kwao Arusha maji yana floridi, yanapaka watu meno rangi ya chai, haya ya kwangu Dar yamepaka kioo tu, sasa nani ana nafuu? Lakini mtu mzima huchagua maneno. Nikasema, "Karibu tena."

Maji haya mnayajua. Sabuni haitoi povu, inakuwa maziwa yaliyokatika. Birika ndani lina magamba kama changu. Binti yangu wa kidato cha tatu ananifundisha kwamba hiyo si chumvi ya mboga, ni kalsiamu na magnesiamu: tone likikauka, maji yanakwenda zake, mawe yanabaki. Kumbe nalipia umeme wa pampu nivute mawe ardhini, niyapandishe kwenye tenki, nijimwagie.

Jumatatu akapita kijana wa dawa. Chupa ya maji ya kunywa, lebo bado ipo, ndani kitu cha njano.

"Hii kiboko, mzee. Vioo, masinki, vyoo."

"Ina nini?"

"Ina dawa."

"Dawa gani?"

"Ya madoa."

"Imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Kwa mahesabu, mzee wangu."

Kabla sijajibu kashaidondoshea barazani. Chwiiii! Moshi, povu linachemka, kijana kasimama pembeni kama mchungaji aliyetoa pepo.

"Umeona uchafu unavyokimbia?"

"Huo si uchafu, ni sakafu!"

Akainama, akachungulia kishimo. "Ila pamesafika."

Na kweli pamesafika, kokoto zinaonekana. Akanipa na ushauri wa bure: nichanganye na jiki, nguvu iwe mara mbili. Binti akapiga kelele dirishani, "Baba, usithubutu! Hiyo ni asidi, ikikutana na jiki inatoka klorini, gesi ya sumu!" Kijana akamtazama kwa huruma. "Dada, hiyo ndiyo nguvu yenyewe."

Nikamuuliza sakafu yangu nani atalipa. Akaanza kupekua begi. Sakafu nayo ana dawa yake, elfu nne.

Tukaishia kwenye siki. Nimeipasha vuguvugu, nikalowesha karatasi za jikoni, nikazibandika kiooni nusu saa kama anayemkanda mgonjwa. Vikatoka vipovu vidogo, vya adabu. Kusugua kwa sponji, kusuuza, kufuta: pametakata mahali pa ukubwa wa sahani. Mkono ukachoka. Sahani yenyewe imeangukia usawa wa kiuno.

Mama watoto akaja, akatazama, akasema, "Ama umalize chote, ama ukirudishe kilivyokuwa."

Nikamaliza chote. Siku mbili, chupa tano za siki. Kule chini nikakuta mikwaruzo: kumbe kijana wangu wa hapa nyumbani aliwahi kupasugua kwa stili waya, na hela ya vocha nikampa. Hapo siki haina lake. Fundi anasema ni mashine na poda ya kung'arishia, na bei aliyotaja nilidhani ananiuzia kioo kipya.

Akaniambia pia kila anayeoga akimaliza apanguse kioo kwa mpira, tone lisikaukie pale. Nimenunua mpira. Nimeutundika machoni kabisa. Leo wameoga watu watano, nimeenda kuushika: mkavu. Mkavu kama biskuti! Taulo mbichi, zulia bichi, kuta zinatiririka, paka mwenyewe kalowana, kitu kikavu nyumba nzima ni mpira wa kupangusia maji!

Jana maji ya bomba yametoka, saa tisa usiku, maji laini, sabuni inapiga povu mpaka unataka kulia. Nimejaza ndoo nikiwa na bukta, peke yangu, wenzangu wanakoroma. Asubuhi shemeji kayaoga yote.

Ameongeza siku tatu. Anasema nyumba hii siku hizi inanukia kachumbari, inamtia njaa.