Abiria wa baiskeli anapotelea wapi kwenye faili?

"Ajali ya barabarani, baiskeli." Daktari wa zamu mwenye foleni ya majeruhi huandika hivyo tu, akasonga mbele. Faili likimfikia anayeweka misimbo ya ICD-10 (orodha ya kimataifa ya kuainisha magonjwa, majeraha na vyanzo vyake), hana pa kulipeleka ila V19.9: mtu wa baiskeli, ajali ya barabarani isiyoelezwa. Lau daktari angeongeza "alikuwa amepakiwa nyuma, wakagongwa na gari dogo", ingekuwa V13.5. V13 ni baiskeli kugongana na gari dogo, pikapu au van. Ile 5 ya mwisho ni abiria. Mwendeshaji hupewa 4.

Je, tarakimu moja inastahili usumbufu huo? Wanaosema hapana si wavivu. Muundi uliovunjika hutibiwa vilevile, awe mgonjwa alikuwa akiendesha au amebebwa. Msimbo wa jeraha ndio hutangulia. Wa chanzo cha jeraha, kama hizo V, hufuata nyuma. Hata Marekani, inayotumia toleo lake la ICD-10-CM tangu Oktoba 2015, hakuna sharti la kitaifa la kuandika chanzo, ingawa jimbo au mlipaji anaweza kulidai. Na aliyezimia utamuuliza nini?

Hoja hiyo inayumba mgonjwa akifariki. Katika takwimu za vifo, chanzo cha ajali ndicho huhesabiwa kuwa sababu ya msingi, si mfupa wala fuvu. Tena abiria ana hatari zake: hashiki breki, haoni vizuri kinachokuja mbele, na miguu yake inaning'inia karibu na spoki. Ukimchanganya na mwendeshaji, hutajua kama kinachohitajika ni kiti bora, kinga ya gurudumu au jambo jingine kabisa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kubahatisha. Mtoto wa miaka minne? "Bila shaka abiria." Mtu mzima? "Bila shaka mwendeshaji." Baada ya miaka michache takwimu zitathibitisha kwamba abiria ni watoto, kumbe tumehesabu dhana zetu wenyewe. Kati ya 5 ya kukisia na 9 ya kukiri kwamba haijulikani, mimi nachagua 9, au faili lirudishwe kwa aliyeliandika.

Tusiudai msimbo zaidi ya uwezo wake, hata hivyo. Kwa ICD-10, mtoto aliyeketi kwenye keria na aliyekuwa kwenye tela linalovutwa na baiskeli wote ni abiria wa baiskeli, japo ajali zao hazifanani. ICD-11, toleo lililofuata, lililoanza kutumika rasmi Januari 2022, inaruhusu kuunganisha misimbo ili kueleza zaidi, lakini nayo haiwezi kuunganisha ambacho hakikuandikwa. Kwa hiyo mzigo uko mapokezi kuliko kwa mweka misimbo. Swali ni moja: "Ulikuwa unaendesha au umepakiwa?"

Swali hilo nalo lina gharama yake. Faili linaweza kuitwa mahakamani au kwa bima, na pale ambapo kupakia mtu ni kosa, mgonjwa ana sababu ya kuficha. Ndiyo maana jibu liandikwe pamoja na aliyelitoa: mgonjwa mwenyewe, jamaa, au msamaria aliyemleta. Na mgonjwa akikataa kujibu, iandikwe kwamba amekataa, asisukumwe.