Gilbert wa Mkono Mweupe: gwiji aliyesahauliwa au jina la kujazia kina?

Wakitajwa wenzake Robin Hood, jambazi shujaa wa hadithi za kale za Uingereza, Marian na mtawa Tuck hawakosekani. Lakini wote wawili hawamo katika A Gest of Robyn Hode, utenzi wa beti 456 ulioanza kuchapwa yapata mwaka 1500. Gilbert wa Mkono Mweupe yumo, na leo ni wachache wanaomkumbuka.

Wanaomwona kuwa si kitu wana hoja nzito. Gilbert anatokea mara mbili tu, zote kwenye kulenga shabaha: Nottingham, ambako sherifu ameweka zawadi ya mshale wa fedha wenye ncha na manyoya ya dhahabu, na baadaye msituni. Mara zote mbili Robin anapasua fito iliyosimamishwa kuwa shabaha, na Gilbert vilevile, karibu kwa maneno yale yale. Katika Kiingereza fito (wand) na mkono (hand) huishia kwa sauti moja, kwa hiyo mtunzi aliyebanwa na kina angeweza kumzua papo hapo. Tena hana kisa chake mwenyewe. Utenzi unapoanza kule Barnsdale, waliosimama na Robin ni Little John, Scathelock na Much.

Hoja hiyo inaeleza jina tu. Kauli ya Gilbert haiigusi kabisa. Msituni sheria ya mchezo ni kwamba anayekosa shada la waridi anapoteza mshale na kupigwa konde. Little John na Scathelock wanakosa, na Robin anawatwanga bila huruma. Kisha Robin mwenyewe anakosa, kwa zaidi ya upana wa vidole vitatu. Anayethubutu kusema ni Gilbert: bwana, mshale wako umepotea, jitokeze upokee malipo yako. Robin anaomba apigwe na abate (mkuu wa watawa) mgeni, ambaye kumbe ni Mfalme Edward aliyejibadili mavazi. Baada ya konde lile ndipo Robin anamtazama usoni na kumtambua. Kwangu mimi, mtu anayesukuma kisa hadi hapo hakuwekwa kujazia mstari.

Tena mwaka 1501 mshairi wa Scotland, Gavin Douglas, alimtaja Robin Hood pamoja na Gilbert wa Mkono Mweupe katika mstari mmoja. Ni kweli, hata hapo mkono uko mwishoni, penye kina. Lakini Douglas alimtaja bila kueleza ni nani, maana yake wasomaji wake walikwisha kumjua.