Pikapu za bei chee zinafaa, ila usianzie hapo

Nianze na neno lenyewe. Ukimwambia mtu asiyeshika gitaa kwamba unataka kubadilisha pikapu, atakuuliza umeokota wapi hela ya gari jingine. Ninayoizungumzia hapa haina matairi. Ni kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme, sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku unatikisika nao, na umeme kidogo sana unazaliwa kwenye waya. Umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya.

Ndiyo maana mtu akichoshwa na sauti ya gitaa lake, hasa lile la kwanza alilonunua kwa kujibana, mkono unaelekea kwenye pikapu. Na hapo ndipo anapokutana na zile za bei chee, seti nzima kwa hela ambayo haitoshi hata pikapu moja ya jina kubwa, na anabaki anajiuliza kama ni mali au ni kutupa pesa. Mimi nasema ni mali, tena mara nyingi kuliko wenye majina wangependa tuamini. Lakini ni mali kwa gitaa lenye tatizo fulani, na wengi wetu tunanunua kabla hatujalijua tatizo letu ni lipi.

Tuifungue kwanza. Pikapu ya mtindo wa Stratocaster, lile gitaa maarufu la kampuni ya Fender, ina vijiti sita vya sumaku na koili moja, yaani waya uliozungushwa mara 8,000 hivi. Hambaka, aina ya pikapu aliyoibuni Seth Lover akiwa kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955, ni koili mbili zilizopangwa kinyume ili mvumo wa umeme wa nyumbani ujifute wenyewe huku sauti ya nyuzi ikibaki. Hakuna siri ya kutisha humo ndani. Shaba ni shaba, mashine ya kuzungusha waya ni mashine ya kuzungusha waya, na aloi ya aliniko (alumini, nikeli na kobalti) haijui itabandikwa nembo ya nani. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye pikapu naona mambo yamegeuka: za bei kubwa ndizo zinazojitembeza, kwa matangazo na majina ya wapigaji maarufu, na za bei chee zimekaa kimya kwenye boksi la karatasi.

Hata hivyo, bei haishuki bure. Kuna mahali walipokata, na ukipajua utanunua kwa akili.

Mahali pa kwanza, na kwangu ndipo penye uzito kuliko pengine pote, ni kwenye pikapu za koili moja za magitaa ya bei ya chini. Zile za asili zina vijiti ambavyo vyenyewe ni sumaku ya aliniko. Za bei chee mara nyingi zina vijiti vya chuma cha kawaida, halafu chini yake imegundishwa sumaku bapa ya seramiki, moja au mbili. Kwa macho ya juu huoni tofauti. Kwa sikio utaisikia: chuma katikati ya koili kinaongeza indaktansi, yaani ile tabia ya koili kuuzuia umeme unaobadilika haraka, na sauti inakuwa nene, imejaa katikati, ile kengele ya juu inayomfanya mtu anunue gitaa la aina hiyo inafifia. Legeza skrubu, inua pikapu, itazame mgongoni. Ukiona kipande bapa cheusi cha sumaku, umelijua tatizo lako. Ukibadilisha hiyo kwa seti ya bei chee yenye vijiti vya aliniko, kama zile za kampuni ya Tonerider, utasikia tofauti ambayo huhitaji kubembelezwa uisikie. Gitaa langu la pili lilikuwa hivyo. Nilipolifunga na kulichomeka, mdogo wangu aliyekuwa chumba cha pili aliuliza nimeazima gitaa la nani.

Nisieleweke kwamba seramiki ni takataka. Hambaka ya Super Distortion ya kampuni ya DiMarzio, ya miaka ya mwanzo ya 1970, ambayo ndiyo iliyofungua biashara hii yote ya kuuza pikapu za kubadilishia, ina sumaku ya seramiki, na magitaa ya roki yamenguruma nayo hadi leo. Shida ni seramiki iliyobandikwa chini ya chuma kwenye pikapu inayojifanya kitu kingine.

Mahali pa pili ni mfuniko wa hambaka. Mifuniko mizuri ni ya nikeli silva, ambayo licha ya jina haina fedha ndani yake, ni shaba, nikeli na zinki. Ya bei chee huwa shaba ya njano iliyopakwa rangi ya kung'aa. Shaba ya njano inapitisha umeme vizuri zaidi, na hilo hapa ni kosa: mikondo midogo inazunguka ndani ya mfuniko na kula sauti za juu. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Mimi nikinunua hambaka ya bei chee nachukua isiyo na mfuniko kabisa, na suala linaishia hapo.

La tatu ni nta, na hili lilinikuta mwenyewe. Nilinunua hambaka moja, jina lake nalihifadhi, ikapiga vizuri sana chumbani kwa sauti ndogo. Siku ya mazoezi na bendi, nilipopandisha distoshoni, ile sauti ya kunguruma ya roki, ikaanza kupiga yowe. Si ule mlio mtamu wa uzi unaojibu spika. Hili lilikuwa yowe la filimbi, nyuzi zote nimezishika kwa kiganja na bado linalia. Mpiga ngoma akaacha kupiga akanitazama. Maana yake waya ndani ya koili haukuzamishwa vizuri kwenye nta, kwa hiyo ulikuwa unatikisika wenyewe kama maikrofoni. Dawa ipo, na ni ya zamani. Mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen aliizamisha hambaka yake ya Gibson kwenye nta akiwa kijana asiye na jina. Nikayeyusha nta ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, si juu ya moto wenyewe, nikachunga joto lisizidi nyuzijoto 65 hivi kwa sababu plastiki ya koili hupinda, nikaizamisha mpaka viputo vikaisha. Ikanyamaza. Lakini nilikuwa nimetumia Jumamosi nzima kumalizia kazi ya kiwanda, na saa zangu hazikuandikwa kwenye ile bei chee.

Kuna mtego mwingine, wa namba. Wauzaji wanapenda kuandika kiloomu, kipimo cha ukinzani wa waya, kana kwamba ni nguvu za farasi: hii 8, hii 14, hii 16, chukua kubwa. Ukinzani wa waya haupimi nguvu ya pikapu. Tumia waya mwembamba zaidi kwa mizunguko ileile na kiloomu zitapanda, nguvu ibaki karibu palepale. Kinachoelezea tabia ya pikapu vizuri zaidi ni indaktansi, inayopimwa kwa henri: ya Stratocaster ya asili inacheza kwenye 2 na kitu, hambaka ya mtindo wa zamani 4 hadi 5, na zile kali zinapanda kutoka hapo. Muuzaji wa bei chee anayekuandikia henri na aina ya sumaku namwamini kuliko wa bei kubwa anayeniandikia "sauti tamu ya zamani yenye roho". Roho haina kipimo.

Na kwa wale wanaoona aibu kufunga kitu cha bei ndogo kwenye gitaa lao, wakumbuke Danelectro, watengenezaji wa magitaa. Miaka ya 1950 kampuni hiyo ilikuwa inaweka pikapu zake ndani ya vibomba vya rangi ya mdomo, ili gitaa liwe la bei ambayo mtu wa kawaida ataiweza. Leo watu wanalipa ziada kuzipata. Au mpiga gitaa Ry Cooder, aliyechukua pikapu yenye karatasi ya rangi ya dhahabu usoni kutoka gitaa la Teisco, gitaa la wanafunzi la kutoka Japani, akaitia kwenye Stratocaster yake. Baada ya hapo bei za pikapu hizo kuukuu zikapaa. Sauti haikubadilika hata kidogo kati ya siku ilipokuwa takataka na siku ilipokuwa hazina.

Sasa nikiri jambo. Gitaa langu la kwanza nililibadilishia pikapu na nikatangaza kwa kila aliyenisikiliza kwamba limezaliwa upya. Miezi baadaye nikakaa nikafikiri nilifanya nini hasa siku ile. Nilitoa nyuzi za zamani zilizoshika kutu, nikaweka mpya. Nilisafisha tundu la kuchomekea waya lililokuwa linakwaruza. Na pikapu mpya nilizipandisha karibu na nyuzi, wakati zile za awali zilikuwa zimezama kama zimeona aibu. Yaani nilibadilisha vitu vinne nikampa sifa mmoja. Kwa udadisi nikazirudisha zile za zamani, nyuzi mpya, kimo kilekile, nikajirekodi nikipiga kipande kilekile kwa kompyuta ileile. Tofauti ilikuwepo, sikatai. Lakini sehemu kubwa ya kule kuzaliwa upya ilikuwa imeyeyuka. Usiache mbachao kwa msala upitao, na mimi mbacha nilikuwa sijautikisa hata vumbi.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, shika bisibisi. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho (freti ni vile vijiti vya chuma vilivyokatiza shingo ya gitaa), halafu pima nafasi kati ya uzi na pikapu. Milimita 2 hivi ni mahali pazuri pa kuanzia, kisha panda na shuka huku ukisikiliza. Kwenye pikapu zenye vijiti vya sumaku usizisogeze mno, sumaku itavuta nyuzi nene na noti zitaanza kuyumba kama hazijalinganishwa. Angalia pia kitufe cha volumu kina thamani gani. Hambaka kwa kawaida inapewa kiloomu 500 na koili moja 250. Hambaka iliyofungwa kwenye 250 inasikika imefunikwa blanketi, na kosa hilo kitufe kingine kinalitibu, pikapu haiwezi. Waya mrefu wa kuchomekea nao unakula sauti za juu. Jaribu mfupi.

Ukishafanya yote hayo na gitaa bado linakukera, nunua, na usione haya kununua chee. Chungulia kwanza na mtumba: pikapu ya jina kubwa iliyotumika mara nyingine inakaribia bei ya mpya isiyo na jina, waya wa shaba hauzeeki kwa kupigwa, na siku ukiichoka utaiuza. Ya bei chee hutaiuza. Itakaa kwenye droo.

Kulehemu si kazi ngumu, ila piga picha ya nyaya zote kabla hujagusa kitu. Rangi za nyaya hazina kanuni moja. Nyekundu ya kampuni hii ni kijani ya ile, na karatasi ya maelezo ya za bei chee wakati mwingine haimo kwenye boksi. Ukizifunga pikapu mbili kinyume, zikipigwa pamoja zinatoa sauti nyembamba ya puani, kama redio ndogo iliyo ndani ya kabati. Badilisha nyaya mbili za pikapu moja na inapona. Kama humudu kulehemu, piga hesabu ya fundi mapema, maana fundi anatoza mkono wake na hajali umeleta pikapu ya bei gani. Kuna gitaa ambalo ukijumlisha pikapu na fundi umefika nusu ya bei ya gitaa bora zaidi, na hapo mimi ningeacha.

Langu la pili bado lina zile za aliniko za bei chee, mwaka wa tano huu. Hambaka ya nta iko kwenye gitaa la mazoezi, inanukia kidogo kila jua likilipiga. La kwanza nimelirudishia pikapu zilizotoka nalo kiwandani, zimepandishwa milimita 3, na nimeacha kulisimulia.