Uhindini ya Iringa: ibomolewe au iachwe?

Asubuhi ya Juni, baridi ya Iringa ikiwa bado inauma, utamkuta fundi cherehani wa Uhindini, mtaa wa zamani wa maduka ya Wahindi, ameshaweka mashine yake barazani, mgongo ukutani. Saruji ya baraza imesuguliwa na miaka ya watu kukaa hadi inang'aa. Nyuma yake kuna mlango wa mbao wa kukunja, juu bati lenye kutu. Ukipenya dukani unatokea uani, kwenye vyumba na jiko. Biashara mbele, familia nyuma.

Wanaotaka nyumba hizi zibomolewe wana hoja nzito. Kiwanja chenye duka moja kinaweza kubeba ghorofa lenye fremu kumi, zote zinalipiwa kodi. Tena nyumba zenyewe zimechoka. Sheria ya 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi ya Wahindi mijini yakaenda kwa Msajili wa Majumba, baadaye Shirika la Nyumba la Taifa. Mpangaji gani atajitolea kuezeka paa lisilo lake?

Hoja ya pili ndiyo inayonisumbua: hii ni historia ya nani? Mji huu Wajerumani waliuanzisha 1896, miaka miwili baada ya kuivunja ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, kule Kalenga. Nyumba za tembe za Wahehe, zenye paa bapa la udongo, zilitoweka bila mtu kuitisha kikao.

Ni kweli. Ila fundi cherehani naye ni Mhehe, au Mbena, au Mkinga, na baraza amelifanya lake. Likija ghorofa la vioo, kwanza anaondoka yeye, kisha mvua ya Januari inakukuta huna pa kujibanza. Boma la Wajerumani limepona kwa kupewa kazi, leo ni makumbusho. Mimi ningeacha sehemu ya mbele na baraza zake, mwenye kiwanja apandishe ghorofa kwa nyuma.

Tatizo ni nani wa kumlazimisha. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Mengine yanasubiri kutangazwa rasmi. Mwaka 1863 Uhindini ilikuwa pori. Cha kuchekesha, sheria hiyohiyo inalinda milango ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940. Mlango una mtetezi, nyumba iliyoubeba haina.